SAA MPYA MKONONI NI NEEMA ITAKAYOULIZWA

Khutba ya Ijumaa, Piana-Mwanga, Kalemie
(Karatasi hii imetaja jina la Mwenyezi Mungu. Ukishaisoma mpe jirani yako. Isitupwe chini wala isifungiwe bidhaa sokoni.)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyeumba usiku na mchana, akalipangia jua njia yake na mwezi vituo vyake, ili waja wajue hesabu ya miaka na nyakati za ibada. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, masahaba zake, na kila anayefuata mwendo wao mpaka siku ya Kiama.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, najiusia mimi mwenyewe kwanza, kisha nawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Leo tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu tunacho mkononi wakati huu, nacho ni saa, ambayo watu wa mjini huiita montri. Siku hizi vijana wetu wameipenda sana. Mmoja amerudi Kigoma, mwingine ameletewa na ndugu yake kutoka Dubai au China, mwingine amenunua palepale sokoni. Ijumaa tukishatoa salamu wanakusanyika barazani, kila mtu ananyoosha mkono. Hii ina taa, hii haiingii maji, hii inaadhini, hii inaonyesha kibla. Saa inavuliwa, inapita mkono hadi mkono, inapigwa picha kwa simu, na jioni watu wote wa kartiye wamekwisha kuiona.

Je, jambo hili ni haramu? Tuseme haki, ndugu zangu. Furaha ya kitu kipya cha halali si dhambi. Mwenyezi Mungu amemwamuru Mtume wake azisimulie neema za Mola wake, kama ilivyo mwisho wa Sura Adh-Dhuha. Na imepokewa na Tirmidhi kwamba Mwenyezi Mungu anapenda kuona alama ya neema yake juu ya mja wake. Mtu mmoja alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya yule apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, kama hicho ni kiburi. Akamjibu kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Hadithi hii ameipokea Muslim.

Basi mpaka tumekwisha kuupata. Saa yenyewe haina kosa. Tuangalie mambo matatu: inafanya nini katika swala yako, inafanya nini katika moyo wa ndugu yako, na imepatikana kwa fedha gani.

JAMBO LA KWANZA: SAA NA SWALA

Imamu Nasai amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume alivaa pete, kisha akawaambia masahaba kwamba pete ile imemshughulisha asiwe nao tangu siku ile, kwa kuwa jicho moja huitazama pete na jicho moja huwatazama wao. Akaitupa. Na Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, amesimulia kwamba Mtume aliswali katika shuka lenye mapambo, akayatazama mara moja. Alipomaliza swala akaagiza shuka lile lipelekwe kwa Abu Jahm na aletewe lake lisilo na mapambo, kwa sababu lile lilikuwa limemshughulisha katika swala. Hii imo katika Bukhari na Muslim.

Ikiwa mtazamo mmoja ulimfanya Mtume wa Mwenyezi Mungu kulitoa shuka, sisi tuseme nini? Kuna anayefunga mikono kifuani na kukunja mkono wa kanzu ili saa ibaki wazi. Kuna anayebonyeza vitufe imamu akiwa juu ya mimbari. Mtume amefundisha kwamba anayechezea hata vijiwe wakati wa khutba amefanya upuuzi. Kijiwe hakina taa wala muziki, na bado mwenye kukigusa amehesabiwa hivyo. Na zile saa zinazolia kila saa inapotimia, au zinazoadhini katikati ya rakaa ya pili, zizimwe sauti kabla ya kuvua viatu mlangoni.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa watu wanaharibu ibada bila kujua. Zile saa zinazoadhini hazioni jua. Zinahesabu tu, kufuatana na mji uliochaguliwa ndani yake na saa ya nchi ile. Wengi wameinunua Tanzania na wameiacha katika Dar es Salaam kama walivyoikuta. Dar es Salaam iko mashariki yetu mbali, na jua linaifikia mapema kuliko sisi kwa kiasi cha dakika 40. Kwa hiyo saa ile inapoadhini Adhuhuri, jua la Kalemie bado halijapinduka. Inapoadhini Magharibi, jua letu bado linaonekana. Mwenye kuswali kwa adhana hiyo ameswali kabla ya wakati, na swala kabla ya wakati wake haisihi. Mwenye kufuturu kwayo katika Ramadhani amekula mchana. Amevumilia njaa na kiu tangu alfajiri, akaivunja saumu yake mwenyewe kwa sababu ya kitufe ambacho hakukibonyeza.

Tena kuna tofauti ya saa za nchi. Kalemie ikiwa saa sita ya mchana, Kigoma ng'ambo ya ziwa ni saa saba, na Kinshasa ni saa tano. Anayevuka ziwa kwa biashara airekebishe saa yake anapokwenda na anaporudi.

Basi fungueni saa zenu leo mtazame mji ulioandikwa. Kama jina la Kalemie halimo, Bujumbura ni afadhali sana kuliko Dar es Salaam, kwa kuwa tuko karibu katika mstari mmoja na saa yao ni sawa na yetu. Bado kuna tofauti ya dakika chache kwa majira fulani ya mwaka, kwa hiyo mwenye saa ya namna hiyo asubiri dakika tano kabla ya kufuturu, na ajizuie na daku dakika kumi kabla. Na lililo bora kuliko yote ni kumfuata muadhini wa msikiti wako.

Wazee wetu walioipokea dini hii kwa njia ya Ujiji walitazama kivuli, na elimu ile haijapitwa na wakati. Simika kijiti kilichonyoka uwanjani. Kivuli kikifika ufupi wake wa mwisho kisha kikaanza kurefuka upande wa mashariki, Adhuhuri imeingia. Kivuli kikiwa sawa na urefu wa kijiti, pamoja na kile kivuli kidogo kilichokuwapo mchana kati, Alasiri imeingia. Mtaona kwamba Adhuhuri ya Kalemie haikai mahali pamoja. Mwanzoni mwa Novemba huingia kama saa sita kasoro dakika 13, na katikati ya Februari hukaribia saa sita na dakika 17. Jua ndilo linaloamrisha, saa inalifuata.

Wala Waislamu hawakuwa wageni katika kazi hii. Al-Jazari aliandika mwaka 1206 namna ya kutengeneza saa kubwa za maji. Katika Msikiti Mkuu wa Damascus, karne ya 14, Ibn al-Shatir alikuwa na kazi ya kuangalia nyakati za swala, na mwaka 1371 alitengeneza saa ya jua kwa ajili ya msikiti ule. Watu hao walijisumbua na saa ili watu wasikose swala. Leo mtu ana saa ya kengele inayolia alfajiri, naye anaizima na kujifunika shuka. Saa imetimiza amana yake, yeye hakuitimiza.

JAMBO LA PILI: SAA NA MOYO WA NDUGU YAKO

Mwenyezi Mungu ametusimulia katika Sura Al-Qasas habari ya Qarun. Siku moja alitoka mbele ya watu wake katika mapambo yake. Wapo waliotamani wangekuwa na mfano wa alichopewa, na waliopewa elimu wakawaonya kwamba malipo ya Mwenyezi Mungu ni bora. Mwisho ardhi ilimmeza yeye na nyumba yake. Tazameni: madhara ya maonyesho hayakuwa ya Qarun peke yake. Yaliingia katika macho ya waliokuwa wakitazama.

Pale barazani saa zinapopita mkono hadi mkono, yupo kijana anayevuta mkono wa kanzu kuficha kiganja kitupu. Yupo aliyeulizwa mbele ya wenzake, na wewe yako iko wapi? Akacheka, lakini Ijumaa ya pili alipotoa salamu tu akaondoka. Msikiti ni mahali ambapo mvuvi, mwalimu na mwenye duka wanagusana mabega. Tukiugeuza uwanja wake kuwa mahali pa kupimana mikono, tumewafukuza ndugu zetu bila kuwafungia mlango.

Na anayejivunia bei ajue jambo moja. Tangu mwaka 1969, zilipoanza kuuzwa Japani saa za mkono zenye jiwe la kwatsi, saa ndogo ya plastiki inaweza kushika wakati vizuri kuliko saa ya fedha nyingi inayokwenda kwa springi. Lile jiwe dogo linatikisika mara 32,768 kwa kila sekunde, na huenda likakosea sekunde chache tu kwa mwezi, wakati ile ya springi huweza kukosea sekunde kadhaa kwa siku moja. Basi kama ni wakati unaoutafuta, maskini ameupata kama wewe. Kama unatafuta macho ya watu, hilo ni jambo jingine, na jina lake ni riya.

JAMBO LA TATU: SAA NA FEDHA YAKE

Mtu anapokea zamu yake ya likelemba, fedha ambayo mkewe ameitegemea kwa ajili ya masomo ya watoto, anapita sokoni, anarudi na saa. Mwingine ananunua kwa deni, na mwenye deni akija nyumbani anaambiwa hayupo. Amepokea Bukhari kwamba Mtume aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, akawaambia masahaba wamswalie mwenzao, naye hakumswalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Kila dakika ya saa iliyonunuliwa kwa deni ambalo hutaki kulilipa inahesabiwa juu yako.

Ninyi mnaouza pia mnahusika. Jina kubwa limeandikwa usoni, ndani ni mashine ya bei rahisi, na mnunuzi anaapiwa kwamba ndiyo yenyewe. Mtume alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu umefichwa chini, akasema kuwa mwenye kutudanganya si katika sisi. Uza unachouza, lakini sema ni nini. Na dhahabu ni haramu kwa wanaume wa umma huu, kama alivyopokea Abu Daud kutoka kwa Ali, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Saa ya dhahabu mpe mkeo au binti yako. Ile yenye rangi tu bila dhahabu haina hukumu hiyo, lakini anayejiepusha na shaka ameilinda dini yake.

Nasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati katika Sura Al-Asr, ambayo watoto wetu wa chuoni wanaihifadhi mapema kwa ufupi wake. Ametufahamisha kwamba mwanadamu yumo katika hasara, ila walioamini, wakatenda mema, wakausiana haki na wakausiana subira. Na Mtume ametufundisha, kwa mapokezi ya Tirmidhi, kwamba miguu ya mja haitaondoka siku ya Kiama mpaka aulizwe umri wake aliutumiaje, elimu yake aliifanyia nini, mali yake aliichuma wapi na kuitoa katika nini, na mwili wake aliuchakaza katika nini. Mwenye saa ya mkono anabeba maswali mawili kati ya hayo juu ya ngozi yake: umri unaopita hapo mbele ya macho yake, na mali aliyoinunulia.

Betri ya saa ikiisha unanunua nyingine kwa franga chache. Umri ukiisha hakuna duka.

Enyi vijana, hatuwakatazi saa zenu. Zivaeni, zifurahieni, mwambie ndugu yako mashallah na umwombee baraka. Mwenye kuzielewa akae Ijumaa hii baada ya swala, awarekebishie wazee na wenzake saa zenye mji usio wetu, hiyo iwe sadaka yake. Na mwenye saa mbili au tatu akumbuke kuna mwadhini, kuna mwalimu wa chuo, kuna mama mjane anayefunga Ramadhani kwa kukisia. Kumpa mmoja wao saa kutakuletea thawabu kila atakapoitazama kwa ajili ya swala.

Ewe Mwenyezi Mungu, tubarikie umri wetu na nyakati zetu. Tujaalie tuswali kwa wakati na tufunge kwa haki. Tulipie madeni yetu, utakase mioyo yetu na riya na husuda. Uwarehemu wazazi wetu na waalimu wetu, uwaponye wagonjwa wetu, uwalinde wasafiri wetu ziwani na barabarani, na uipe amani nchi yetu. Amin.

Simameni tuswali, Mwenyezi Mungu awarehemu.