Sarafu ya Pomboo: Mapenzi ya Sanaa na Haki ya Kumiliki

Mwishoni mwa karne ya 6 K.K., Wagiriki wa mji wa Zankle, katika kisiwa cha Sisilia, walipiga chapa sarafu za fedha zenye picha ya pomboo ndani ya umbo la mundu. Kwa mtazamaji wa kawaida, hilo ni pambo tu. Mhakiki anayejua kwamba jina la mji lilitokana na neno la wenyeji wa kisiwa lenye maana ya mundu, na kwamba bandari yake ilipinda vivyo hivyo, hutambua kuwa pomboo yumo bandarini. Sarafu hii basi ni matini, na kama ilivyo kwa matini yoyote, maana yake hutegemea muktadha.

Suala tunalonuia kulijadili ni la kimaadili: je, mapenzi ya mkusanyaji kwa sanaa hii yanatosha kumhalalishia kuimiliki?

Yapo ya kumtetea. Sarafu nyingi za kale ziliyeyushwa kwa ajili ya madini yake. Aliyeithamini picha kuliko uzito wa fedha aliiokoa. Aidha, makavazi kadhaa mashuhuri yalijengwa juu ya mikusanyo ya watu binafsi.

Hata hivyo, utetezi huu haugusi kiini cha tatizo. Sarafu zilizofukiwa pamoja hufasiriana: kwa kulinganisha zilizochakaa na zilizo mpya, wataalamu hukadiria ipi ilitangulia na hazina ilifukiwa lini. Mwaka 1984, hazina ya sarafu za fedha zipatazo 1,900 ilichimbuliwa kinyume cha sheria karibu na Elmalı, nchini Uturuki, ikatoroshwa na kuuzwa ng'ambo. Sehemu kubwa ilirejeshwa mwaka 1999. Lakini kurejesha sarafu si kurejesha ushahidi wa ardhi zilimokuwa. Kurasa zilizochanwa zaweza kukusanywa tena bila mpangilio wake kujulikana.

Mkusanyaji atajibu kwamba si yeye aliyechimba. Ni kweli, ila mchimbaji hufuata bei, na bei hupandishwa na shauku ya mnunuzi. Kwa hiyo mapenzi hayamwondolei lawama, bali yanamwongezea wajibu. Anayedai kumpenda pomboo wa Zankle hana budi kuuliza, kabla ya kuuliza bei, sarafu ilitoka ardhi gani na kwa idhini ya nani. Asipopata jibu, na aiache. Ataikosa sarafu, lakini hatakuwa amelipia kufutwa kwa maana yake.