Mkono Niliouficha Mfukoni



Vijana wenzangu, wiki ya tatu sasa naandika kwa mkono wa kushoto, nadonoa simu kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkiona makosa mnisamehe.

Nilikuwa likizo nyumbani Kinyala. Mvua za Rungwe mnazijua. Bodaboda ikateleza, nikatanguliza mkono wa kulia kuzuia anguko, kama kila mtu afanyavyo. Wazungu wanaokwenda likizo kuteleza kwenye theluji huumia hivyo hivyo, ila wao hulipa ili wateleze. Tope letu ni la bure.

Kifundo kikavimba. Mama akasema, "Baba, nenda hospitali." Nikamjibu ni mteguko tu. Sababu ya kweli ni kwamba Jumamosi vijana wa parokia walikuwa wanapanda kwenda kuona Ziwa Ngozi, na mimi, Frateri, ndiye niliyepangiwa kutoa tafakari kule juu. Nilishaandika kurasa nne. Nikavaa koti lenye mifuko mikubwa, basi.

Waliofika Ngozi wanajua: unapita msituni, unaingia kwenye mianzi, halafu karibu na ukingo njia inasimama kabisa na unapanda kwa kushika mizizi. Hapo ndipo binti mmoja wa kidato cha pili aliteleza mbele yangu. Akanyoosha mkono: "Frateri, nishike!" Nami nikaurudisha wangu nyuma. Akaserereka mpaka mwanzi mmoja ukamzuia. Hakuumia, namshukuru Mungu. Lakini alivyonitazama, jamani.

Aristotle aliuita mkono chombo cha vyombo, na Mtakatifu Thoma akalichukua wazo hilo. Nililijibu kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Pale kwenye tope nilikuwa na chombo kisichofanya kazi, na watu wananitegemea bila kujua hivyo. Kuumia si dhambi. Dhambi yangu ilikuwa kuwaacha waniamini wakati mimi najua siwezi kuwashika.

Someni Marko sura ya 3. Yule mtu aliyepooza mkono, Yesu anamwita kwanza asimame katikati, mbele ya wote, ndipo anamwambia aunyooshe. Angeweza kumponya kimya kimya kwenye kona. Nadhani mimi ningeomba kona.

Nitawaambia na hofu nyingine, maana huku ndani ya seminari hatuisemi: niliogopa kuulizwa kama mkono huu utashika kalisi. Ni hofu ya kijinga kwa mfupa wenye ufa, lakini usiku inakuwa kubwa. Mtakatifu Isaac Jogues, Mjesuiti, alikatwa na kutafunwa vidole na waliomteka huko Amerika Kaskazini mwaka 1642. Kwa sheria za wakati ule asingeweza kuadhimisha Misa kwa mikono ya namna hiyo. Papa Urbano VIII akamruhusu. Akarudi kulekule, akauawa mwaka 1646. Yeye hakuwa na mfuko wa kufichia.

Kule ukingoni, ziwa likiwa chini yetu na ukungu juu yake, nikautoa mkono nikawaambia wote, kuanzia na yule binti. Nilitegemea lawama. Katekista akauangalia, akaguna, akaomba kanga kwa mama mmoja, akanifunga. "Sasa Frateri, kushuka utashikwa wewe."

Nikashikwa kweli, kijana huku na kijana huku, kama Musa kati ya Haruni na Huri. Nilikuwa nimezoea kuihubiri habari ile upande wa Musa anayeomba na Israeli wanaoshinda. Kumbe Musa alikuwa amechoka, amekalia jiwe, na watu wote bondeni wanaweza kumwona. Aibu ile ilinipanda kila hatua, hadi tukafika kwenye mianzi nikaanza kucheka nao.

Jumatatu nikaenda kupiga eksirei, wakanifunga hogo. Mama hakusema kitu, akanimenyea ndizi.

Zile kurasa nne hazikusomwa. Zilishuka ndani ya begi langu, mgongoni kwa yule binti, ambaye alikataa katakata mtu mwingine asilibebe.