Mwaka Mmoja Tena
(Somo: Luka 13:6-9)



Wengi wenu mnalifahamu gari letu la parishi. Mnalifahamu kwa mlio wake kabla halijaonekana, na watoto wa njia ya Mgeta hulitambua likiwa bado liko chini Mlali. Mlango wake wa kushoto hufungwa kwa kamba. Starta ikikataa tunalisukuma, na kwa sababu hiyo dereva wetu huliegesha siku zote kwenye mteremko. Mwaka huu pekee limekwisha kula springi, klachi na rejeta, na kila tukitoka gereji twaambiwa kwamba sasa limepona.

Hata hivyo twalipenda. Limeshusha wagonjwa usiku kutoka milimani kuja hospitali mjini. Limebeba maharusi, saruji, mabati, kabichi za mavuno, na majeneza ya wazee wetu. Tope la masika likishika barabara, magari mapya hubaki chini. Letu hupanda polepole likilia. Wahenga walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao.

Mwezi uliopita fundi alilala chini yake, akaigonga chesisi kwa nyundo, nayo nyundo ikapenya. Tulishangaa, maana kwa nje hatukuona kutu. Fundi akatueleza. Magari ya Land Rover, tangu yalipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, yalivikwa bodi ya alumini, kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili. Alumini hailiwi na kutu kama chuma. Lakini chesisi inayobeba mzigo wote ni ya chuma. Nasi kwa miaka mingi tumeosha bodi ing'ae kwa ajili ya Jumapili, na tope jekundu la Uluguru tukaliacha huko chini likishika unyevu. Kosa lilikuwa letu wenyewe.

Halmashauri ya parishi ikakaa. Wengine walisema liuzwe kama chuma chakavu. Mzee mmoja akasimama, akasema, "Usiku mke wangu alipozidiwa, hakuna gari jingine lililokubali kupanda." Baada ya saa mbili tukakubaliana lichomelewe upya. Jumapili iliyofuata akina mama walileta ndizi, maharage na kabichi, tukafanya mnada baada ya ibada, na fedha zikapatikana. Tukamshukuru Mungu.

Lakini, ndugu wapendwa, siku ile kulikuwa na jambo la pili, nalo ndilo linalotufanya tuandike. Ndugu yetu mmoja, ambaye ameturuhusu kuyasema haya bila kumtaja jina, alikuwa amerudia pombe mara ya tatu, na fedha kidogo za kwaya alizokabidhiwa hazikuonekana. Jambo lake tulilimaliza kwa dakika tano. Tulisema, "Huyu tumemchoka." Hakuna aliyesimama kueleza wema wowote aliotendewa naye. Wala hatukukumbuka kwamba kila gari liliponasa katika tope, bega lake ndilo lililotangulia kusukuma.

Usiku ule usingizi ulitupaa. Gari lililotusumbua mara kumi tulilipa saa mbili. Ndugu aliyetusumbua mara tatu tulimpa dakika tano. Gari tulilinunua kwa shilingi, na ipo siku litakwisha, hata tulichomelee vipi. Ndugu huyu hakununuliwa kwa fedha wala dhahabu, bali kwa damu ya Kristo, kama Mtume Petro anavyotufundisha (1 Petro 1:18-19).

Bwana wetu alisimulia habari za mtini uliokaa miaka mitatu bila matunda. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunzaji akauombea mwaka mmoja zaidi. Tuangalie vema: hakuomba uachwe tu. Aliahidi kuuchimbia na kuutia samadi, yaani alitoa jasho lake mwenyewe. Sisi tunaopandisha samadi kichwani mpaka kwenye matuta ya milima hii twajua uzito wa ahadi hiyo.

Upendo wa Kikristo haupaki rangi juu ya kutu. Kama fundi angepaka rangi tu, tungemsifu, kisha tungekufa kwenye kona za Mgeta. Yeye alikata palipooza, akachomelea chuma kipya, akatukataza kupakia watu mpaka ajaribu breki. Vivyo hivyo, kumsamehe ndugu si kumrudishia sanduku la fedha kesho yake. Ni kumwambia kweli. Ni kukaa naye jioni ile ambayo miguu yataka kwenda kilabuni. Ni kuwatembelea mkewe na watoto, na kumsaidia kulipa deni lake kidogo kidogo. Hayo yana gharama, na gharama yake hurudi kila mwezi kama ya vipuri.

Basi tulikwenda kwake watu watatu, na sisi tukawa wa kwanza kuomba radhi. Alilia. Hatusemi kwamba amepona. Neno hilo limekwisha kutudanganya gereji mara nyingi. Lakini Jumapili hizi mbili amekaa benchi la nyuma, na juzi gari lilipokataa kuwaka alitoka bila kuitwa, akasukuma.

Wapendwa, kila mmoja wetu anaye mtu aliyesema juu yake, "Nimemchoka": mwana, mume, mjomba, au jirani. Kabla hujamfuta moyoni, kumbuka ni mara ngapi Mungu amekutengeneza wewe, wala hajakuuza kama chuma chakavu. Mwombee mwaka mmoja tena, nawe ushike jembe.

Tuombe. Ee Bwana, wewe hukutuchoka. Utufundishe kuwatunza watu wako kwa bidii ile tunayotunzia vitu vyetu, na zaidi sana. Utuonyeshe kutu iliyo chini yetu kabla hatujatazama ya wenzetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.