Haki ya Kunyamaza

Ahadi ni deni, wasema wahenga, na hapana mwenye akili timamu atakayelipinga hilo. Lakini ahadi ya msanii ni ahadi ya kitu gani hasa? Seremala akiahidi mlango, pande zote mbili zinajua mlango ni nini: una kimo, una upana, una bawaba na komeo. Siku ya kukabidhiana, mwenye nyumba huufungua na kuufunga, akaridhika au akalalama. Mtunzi naye akiahidi wimbo, je, ameahidi wimbo wa namna ya ule uliopendwa jana, au ameahidi kile ambacho moyo wake utamwamrisha kukitunga kesho? Swali hili ni la kale, na kila jamii iliyowahi kumtunza mshairi, mkwasi kwa maskini, imelikabili kwa namna yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilifika hadi mbele ya majaji mjini London, kwa sababu ya bendi moja ya muziki wa roki iliyoitwa Talk Talk. Kisa chake kinastahili kusimuliwa, maana ndani yake mna fundisho kwa kila mwenye kuishughulikia kalamu.

Bendi hiyo iliundwa mwaka 1981. Kiongozi wake alikuwa Mark Hollis, mwimbaji na mtunzi aliyezaliwa Tottenham, kaskazini mwa London, mwaka 1955. Pamoja naye walikuwapo Lee Harris katika ngoma, Paul Webb katika gitaa la besi, na Simon Brenner katika vinanda. Kampuni ya EMI iliwapa mkataba, na albamu yao ya kwanza, The Party's Over, ikatoka mwaka 1982. Ilisimamiwa na Colin Thurston, ambaye alikuwa amekwisha kuwasimamia Duran Duran, na vijana hao wakapelekwa kuwafungulia Duran Duran majukwaa. Kwa hiyo wahakiki hawakuona taabu kuwafananisha. Muziki wao ulikuwa wa wakati wake: vinanda vya umeme vilivyotanda kila mahali, mdundo wa kuchezeka, na kiitikio cha kukamatika upesi.

Brenner aliondoka, na mahali pake akaja Tim Friese-Greene. Huyu hakupata kuhesabiwa rasmi kuwa mwanabendi, lakini yeye na Hollis ndio walioandika na kuunda karibu kila kilichofuata. Albamu ya It's My Life ya mwaka 1984 ilipokewa vizuri zaidi barani Ulaya kuliko nyumbani Uingereza. Kisha mwaka 1986 ikaja The Colour of Spring, na hapo msikilizaji makini akatambua kwamba kuna jambo linageuka. Vile vinanda vya umeme vilikuwa vimewekwa kando. Badala yake zikasikika sauti za piano, ogani na magitaa, sauti za vidole vya binadamu vikigusa mbao na nyuzi. Hollis alikuwa na maelezo mepesi juu ya hilo: vile vinanda vya awali vilitumika kwa sababu ya uhaba wa fedha za kuwalipa wapigaji. Fedha zilipopatikana, hakuvihitaji tena. Albamu ile ilifika nafasi ya 8 katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Mcheza kwao hutunzwa. EMI nao wakalegeza kamba ya mfuko, wakawapa wasanii wao muda na uhuru, wakiamini kwamba kitakachofuata kitauzika maradufu.

Kilichofuata kilikuwa Spirit of Eden.

Kazi ilianza mwaka 1987 katika studio za Wessex, London, na ikaendelea hadi mwaka uliofuata. Fundi wa mitambo, Phill Brown, amesimulia jinsi walivyofanya kazi gizani, huku mwanga wa rangi ukiogelea ukutani. Wapigaji waliitwa mmoja mmoja au wachache wachache, wakaachwa wabuni papo kwa papo kwa saa nyingi, bila ya kuelezwa sana nini kinatakiwa. Miongoni mwao alikuwamo Nigel Kennedy na fidla yake, Danny Thompson na besi kubwa ya kusimama, na Henry Lowther na tarumbeta. Ikaitwa pia kwaya ya Kanisa Kuu la Chelmsford. Kisha Hollis na Friese-Greene wakakaa na kuchambua kama mtu apetaye mchele: saa nzima ya kupiga ikatoa sekunde chache za kubakia, na zilizosalia zikatupwa. Yaliyopatikana mwishoni ni nyimbo sita, dakika zipatazo 41. Nyimbo tatu za mwanzo zimeungana bila ya kituo. Sauti huanza mbali mno, kama jahazi linaloonekana kwa shida kwenye upeo wa bahari. Hukaribia, hupasuka kwa kishindo, kisha hurudi katika ukimya. Kiitikio cha kuimbwa barabarani hakimo.

Wapenzi wa ushairi hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Baina ya ukwapi na utao mna pumziko ambalo halina neno, wala halihesabiwi katika mizani, lakini ukiliondoa mshororo unaporomoka. Hollis aliamini kwamba ni afadhali kuisikiliza sauti moja kuliko mbili, na kwamba ukimya huzishinda zote. Mpigaji, kwa mawazo yake, asiguse noti hata moja iwapo hana sababu ya kuigusa. Alipokuwa kijana jukwaani aliujaza ukimya kama walivyoujaza wenzake; alipopevuka alijifunza kuuachia nafasi.

Sasa turudi kwenye mkataba. EMI walikuwa na haki ya kuurefusha, ila ilibidi watoe taarifa katika muda uliowekwa, nao muda huo ulihesabiwa tangu albamu ilipokamilika. Taarifa ikachelewa. Bendi ikasema kwamba mkataba umekwisha. Kampuni ikajibu kwamba muda haukuwa umeanza kuhesabiwa, kwa kuwa albamu yenyewe haikuwa ya kuridhisha kibiashara. Jaji wa kwanza aliipa kampuni ushindi. Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, na bendi ikawa huru. Kisheria jambo likaishia katika hesabu ya siku. Kimaadili halikuisha.

Tuwatendee EMI haki. Ni rahisi kumfanya tajiri kuwa dubwana na msanii kuwa walii, lakini rahisi si sawa na kweli. Kampuni ilitoa fedha nyingi na subira ya karibu mwaka mzima. Ilikuwa na sababu ya kutazamia kitu kinachofanana na kile kilichouzika. Nyuma ya kampuni kuna watumishi wanaoishi kwa mishahara, na faida ya albamu iliyouzika ndiyo inayogharimia rekodi ya kijana asiyejulikana. Atakayesema kwamba msanii hawiwi chochote na aliyemgharimia, anasema pia kwamba mtu anaweza kula karamu ya harusi kisha akakana kuwajua maharusi. Deni lipo.

Hata hivyo, deni hilo lina mipaka. Aliyelipia kazi amelipia juhudi, uaminifu na ustadi. Hajanunua nafsi ya mtendaji. Laiti Hollis angewapelekea EMI kazi ya ovyoovyo ili kuwakomoa, angekuwa mdanganyifu. Laiti angewapelekea nakala hafifu ya The Colour of Spring, huku yeye mwenyewe hana imani nayo, angekuwa mdanganyifu vilevile, ingawa hapana mahakama ambayo ingemshitaki kwa hilo. Aliwapa kazi bora kabisa aliyokuwa na uwezo nayo. Neno "kuridhisha" ndilo lililokuwa na kasoro, kwa kuwa lilimtaka mtunzi aahidi hali ya moyo wa mtu mwingine, yaani mnunuzi, jambo ambalo hakuna binadamu anayelimiliki.

Mjadala unaokaribiana na huu tunao wenyewe. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, kwa mashairi yasiyofuata vina na mizani, palizuka mabishano makali. Mabishano yale, pamoja na ukali wake wote, yalikuwa na heshima moja: pande zote ziliuliza shairi ni nini. Hapakuwa na aliyesema kwamba shairi si shairi kwa kuwa halitauzika. Kosa la hoja ya London lilikuwa kuukimbia mjadala wa kwanza na kujificha nyuma ya wa pili.

Hapana budi pia kumkumbuka msikilizaji. Kuna aliyeipenda bendi kwa nyimbo zake za kuchezea, akanunua Spirit of Eden, akarudi nyumbani akajiona amesalitiwa. Masikitiko yake ni ya kweli. Lakini upendo unaomtaka mpendwa asibadilike kamwe unafanana na upendo wa mzazi asiyetaka mtoto akue. Msanii hawezi kuzuia masikitiko hayo. Anachoweza ni kutomdharau msikilizaji: kumwekea mezani chakula kizito na kumwachia uamuzi, badala ya kumtafunia.

Lipo deni la tatu, ambalo aghalabu husahauliwa, nalo kwangu ndilo gumu zaidi. Ni deni kwa wale wapigaji ambao kazi zao zilifutwa. Katika albamu iliyofuata, Laughing Stock, iliyotolewa mwaka 1991 na Verve, mbinu ileile ilitumika kwa ukali zaidi. Watu wenye ustadi walikuja, wakatoa yaliyomo vifuani mwao kwa saa na saa, na wengine hawakusikika hata kwa pumzi moja katika kazi iliyotoka. Walilipwa, ndiyo. Lakini ujira unamaliza deni la muda. Je, unamaliza deni la roho iliyomwagwa? Sidhani kwamba unalimaliza lote. Kinachonipa faraja kidogo ni kwamba wembe ulionyoa kazi za wenzao uliwapitia wenye nyumba pia. Webb alikuwa amekwisha kuondoka, Hollis mwenyewe akazidi kupunguza uimbaji wake, na hatimaye bendi yote ikajifuta.

Mwaka 1998 Hollis alitoa albamu moja peke yake, yenye jina lake tu, iliyopigwa kwa ala zisizo za umeme na kwa upole mkubwa. Baada ya hapo alijiondoa. Alikuwa ameeleza kwamba hawezi kuwa msafiri wa majukwaa na wakati huohuo awe baba mwema, akachagua ubaba. Wengine waliendelea kuvuna alipopanda: mwaka 2003 bendi ya Kimarekani No Doubt iliurudia wimbo It's My Life ukavuma upya, na wahakiki wakaanza kuzitaja albamu mbili za mwisho za Talk Talk kuwa chemchemi ya tawi zima la roki lililokuja baadaye. Yeye hakurudi kudai shangwe. Alifariki Februari 2019, akiwa na umri wa miaka 64.

Je, ukimya ule wa miaka ishirini ulikuwa dhuluma kwetu? Naona sivyo. Kimya kingi kina mshindo, na ukimya wake ulikuwa mshororo wa mwisho wa hoja aliyoianza studio. Aliyefundisha kwamba mtu asiguse noti bila ya sababu, angejikana mwenyewe iwapo angeendelea kutoa albamu kwa kuwa tu watu walizisubiri. Msanii anawiwa na aliyemgharimia kazi ya kweli; anawiwa na msikilizaji heshima; anawiwa na mwenzake shukurani ambayo fedha haitoshi kuilipa. Akishayatimiza hayo kwa kadiri ya uwezo wake, ana haki ya kuifunga kinywa. Nasi tuliobaki tukisikiliza tuna wajibu mmoja: kuusikiliza na ukimya huo, tusije tukauita ubahili.