Bei ya haki na motokari ya mama mjane

Tumepokea barua ya ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Kivu, ambaye sasa anakaa Marekani katika jimbo la Ohio. Kazi yake ni ufundi wa motokari. Ametuuliza swali moja, nasi tumeona vema kulijibu mbele ya wote, maana si yeye peke yake anayehitaji jibu. Jina lake hatulitaji, kama alivyotuomba.

Mambo yenyewe ni haya. Karibu na nyumba yake anakaa mama mzee, mjane. Mume wake alipokufa alimwachia motokari ya zamani, Chrysler Cordoba ya mwaka 1976. Kwa miaka mingi ilikaa bandani chini ya turubai, bila kunyeshewa wala kupigwa na jua. Rangi yake ingali inang'aa na viti havijapasuka. Sasa mama anataka banda lake. Akamwambia fundi: « Kijana, nipe dola 2,500, uichukue. » Fundi akatoa arbuni ya dola 200 saa ileile. Lakini usiku usingizi ulimpotea. Ameona kwa macho yake motokari mbili za namna hiyo, zilizotunzwa vizuri, zikiuzwa kwa dola 10,000 kila moja. Mama hajui. Ndipo anauliza: « Nikinyamaza, nimeiba? Bei aliitaja yeye mwenyewe. Nami nina mtoto anayeanza chuo mwaka huu. Faida ile ingemlipia karo. »

Swali hili si dogo. Kwanza tukijue kitu chenyewe kinachouzwa.

Kampuni ya Chrysler ilianza kuuza Cordoba kwa mwaka wa 1975, ikaacha mwaka 1983. Ile ya 1976 iliundwa Windsor, nchini Kanada, ng'ambo ya mto unaoitenga na Detroit. Ina milango miwili tu, pua ndefu, vidirisha vidogo ubavuni kwa nyuma, na mara nyingi paa lililovikwa plastiki mfano wa ngozi. Wamarekani waliihesabu kuwa ya ukubwa wa kati, ijapokuwa urefu wake wapita meta 5. Injini yake ina silinda 8, nayo hunywa petroli bila huruma. Hata hivyo, mara baada ya shida ya mafuta ya 1973, watu waliinunua kwa wingi: katika mwaka wake wa kwanza zilipita 150,000. Hawakununua chombo cha safari tu. Walinunua heshima.

Katika habari za motokari hiyo kuna jambo moja linalotufaa hapa. Mchezaji wa sinema Ricardo Montalbán, mzaliwa wa Meksiko, aliisifu katika televisheni kwa sauti tamu, akitaja ngozi laini ya Korintho iliyovikwa viti vyake. Sisi tunaujua mji wa Korintho: huko Mtakatifu Paulo alikaa na Akwila na Priskila, akishona hema kwa mikono yake. Lakini mji huo haukuleta hata kipande cha ngozi kwa Chrysler. Jina hilo lilibuniwa na watu wa matangazo, na baadaye Montalbán mwenyewe alikiri mbele ya watazamaji kwamba halina maana yoyote. Tuangalie vema. Ngozi ilikuwa ngozi kweli. Mnunuzi hakupewa kitambaa badala yake. Lakini jina lilimfanya aone kitu kisichokuwako. Basi, kati ya kusema kweli na kusema uongo kuna uwanja mpana, na wafanyabiashara wengi wamejenga nyumba zao humo. Wengine wamejenga kwa maneno matamu. Wengine wamejenga kwa kunyamaza.

Sasa tujibu. Je, mnunuzi anayejua anaweza kunyamaza mbele ya muuzaji asiyejua?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliyachunguza mambo ya kuuza na kununua kwa akili tulivu. Wengi hufikiri kwamba udanganyifu ni dhambi ya muuzaji tu. Yeye aliuona mzigo huo kuwa wa pande zote mbili. Anatoa mfano wa mtu anayeuza dhahabu akidhani ni shaba: mnunuzi akijua, amenunua pasipo haki, tena anapaswa kurudisha. Na kabla yake Mtakatifu Augustino alisimulia habari ya mtu aliyeletewa kitabu na muuzaji asiyejua thamani yake. Mtu yule akalipa bei iliyo ya haki, ingawa muuzaji hakuitazamia.

Lakini fundi wetu ana hoja, nasi hatutaki kuzirukia.

Hoja ya kwanza: mama mwenyewe ndiye aliyetaja bei. Tunajibu: kweli, alikubali. Lakini alikubali nini? Alikubali kuuza chuma kizee kinachomjazia banda. Kitu kinachotamaniwa na watu hakuwa na habari nacho. Ridhaa ya mtu asiyejua kitu gani anakitoa ni ridhaa nusu.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi: « Ujuzi ni mali yangu. Nimeupata kwa miaka 20, chini ya motokari za watu, katika baridi. Kwa nini niugawe bure? » Hatumdharau anayesema hivyo. Mtakatifu Tomaso naye hakatai faida ya mfanyabiashara aliyekitengeneza kitu kikawa bora; faida hiyo ni kama mshahara wa kazi yake. Lakini hapa fundi ana ujuzi wa namna mbili. Anajua kuifufua injini iliyolala: ujuzi huu unaongeza jambo jema duniani, na ulipwe. Tena anajua kwamba mama hajui: ujuzi huu hauongezi kitu. Hauzibi hata tundu moja la kutu. Unahamisha tu feza kutoka mfuko wa mjane kwenda mfuko wa fundi.

Hoja ya tatu: vitu vya zamani havina bei moja, leo mpenzi wake yuko, kesho hayuko. Ni kweli. Bei ya haki haipimwi kama uzi wa fundi seremala. Ina upana wake, na kupungua au kuongezeka kidogo hakuvunji haki. Lakini kati ya 2,500 na 10,000 hakuna upana, kuna korongo.

Je, basi fundi asijitetee hata kidogo? La. Mali ina mema yake na mabaya yake, na mwenye kusema kweli ayaseme yote mawili. Katika Ohio watu humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula chuma kutoka chini. Maji hujificha chini ya plastiki ya paa, yakaoza chuma huku juu pakionekana pazuri. Cordoba inabebwa mbele na vyuma virefu vinavyojipinda, ambavyo vimeshikwa na boriti chini ya sakafu. Boriti hiyo ikiliwa na kutu, maisha ya dereva yako hatarini. Matairi yaliyokaa miaka mingi hupasuka hata kama meno yake hayajalika. Breki, mipira na tangi vyote vinadai kazi. Gharama hiyo yote fundi ana haki ya kuihesabu mbele ya mama na kuitoa katika bei, pamoja na ujira wake. Asiongeze tu kutu isiyokuwako.

Tena mzigo huo haumwachi. Siku atakapoiuza, yeye ndiye atakayekuwa muuzaji. Kasoro iliyo wazi, asema Tomaso, kama farasi mwenye jicho moja, si lazima itangazwe. Lakini kasoro iliyofichika na yenye hatari lazima isemwe. Kuna na hesabu ya maili. Katika motokari nyingi za Marekani za miaka ile hesabu hiyo ina tarakimu tano tu. Ikipita 99,999 inaanza upya kwa sifuri. Kwa hiyo 31,000 yaweza kuwa 131,000. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 inakataza kuirudisha nyuma na inamtaka muuzaji aandike maili za kweli, ila motokari zenye umri mkubwa kama hii zimesamehewa maandishi hayo. Sheria imesinzia hapo. Dhamiri isisinzie.

Hivyo tulimwandikia: Nenda kwa mama. Mwambie thamani ya kitu chake na kasoro zake. Taja bei unayoweza kulipa. Arbuni yako usiifanye kamba ya kumfunga. Akitaka bado kukupa kwa dola 2,500 huku akijua yote, hiyo ni zawadi. Ipokee kwa moyo safi.

Baada ya mwezi mmoja alijibu. Alikwenda, akasema yote. Mama alimshukuru, akampigia simu mwana wake anayekaa mbali. Mwana akaja, akaiuza motokari kwa mtu mwingine kwa dola 9,000. Fundi akarudishiwa 200 zake, basi. Mwisho wa barua ameandika: « Mlinishauri vema, lakini karo ya mtoto bado naitafuta. »

Wasomaji wapenzi, hatutaki kumwambia kwamba hasara yake ni faida. Hayo yangekuwa ngozi ya Korintho. Amepata hasara, naye alijua kwamba yaweza kumpata. Haki ina bei yake, na safari hii aliyeilipa ni yeye; sisi tulioshauri hatukutoa hata franka moja. Ndiyo sababu tunaisoma barua yake kwa heshima, na kwa haya kidogo.

Yeyote kati yetu atakayeuziwa kesho shamba, ng'ombe au cherehani na mtu asiyejua bei, ajiulize kabla ya kutoa feza: mwenzangu angejua ninayoyajua, angekubali? Kama jibu ni hapana, basi bado kuna neno ambalo hajamwambia.