Sababu na Dalili: Hoja ya Injini Mbili
Mwaka 1739 mwanafalsafa David Hume alidai kwamba hisi huona mfuatano wa matukio tu, wala haizioni nguvu zinazoyaunganisha, na shaka hiyo humkabili pia fundi anayechunguza boti ya injini mbili inayotetemeka. Fundi huiacha injini moja huru, yaani bila gia, akaendesha nyingine, kisha akageuza zamu. Mtetemo ukijitokeza kwa injini ya kulia pekee, tuhuma huangukia upande huo. Hii ndiyo mbinu ya tofauti aliyoieleza mwanafalsafa John Stuart Mill mwaka 1843, inayolinganisha hali zinazofanana katika yote isipokuwa jambo moja.

Hata hivyo, ufanano huo haukamiliki, kwa kuwa propela ya upande ulioachwa huru huweza kuendelea kuzungushwa na maji. Tena, mtetemo unaoongezeka kwa kasi ya shafti, yaani mhimili unaozungusha propela, waweza kutokana na shafti iliyopinda au propela iliyopigwa na mwamba, ilhali injini kunguruma bila boti kusogea huelekeza kwenye giaboksi inayoteleza. Kwa hiyo dalili hupunguza dhana bila kuthibitisha mojawapo. Kipimo huipa nguvu ile inayobaki, na kiasi hicho cha yakini chatosha kutenda.