Bei Haizai Samaki

Husemwa kwamba bei ni mwalimu: mahindi yakiadimika bei hupanda, wakulima hupanua mashamba, na ghala hujaa tena. Kwa sangara wa Ziwa Victoria sivyo. Samaki huyu, aliyetiwa ziwani miaka ya 1950, minofu yake huliwa hata Ulaya, na bondo lake huuzwa ghali sana huko Asia. Aadimikapo, hakuna wa kumpanda kama mahindi. Bei kubwa huita nyavu zaidi, zenye matundu madogo, zikokote hata wachanga walio chini ya sentimeta 50, ambao sheria ya Tanzania yakataza kuwavua. Hivyo uhaba huzaa uhaba, na maskini hubakiwa na mapanki.

Hatuwalaumu wavuvi peke yao, kwani mwenye watoto wenye njaa hungoja kwa shida. Lakini twauliza: anunuaye samaki mchanga huku akijua, je, hana sehemu katika kosa hilo? Samaki wa kesho ni haki ya watoto wasiozaliwa bado. Hao hawana fedha wala sauti sokoni. Yatupasa sisi kuwatetea.